Sura ya Saba: Sakafu Mpya ya Mbula

Msumeno wa umeme ulipozimwa, kilichosikika uani ni kicheko cha Onesmo, mwenye ua.

"Haya, Afande," alisema. "Dhahabu iko wapi?"

Inspekta Eunice Luhende aliendelea na kazi yake. Alikuwa amepiga magoti ndani ya boti kuukuu, mkono wa kulia umezama hadi begani kwenye tundu ambalo Koplo Fredy alikuwa ametoka kulikata kwenye sakafu mpya. Alipapasa huku, akapapasa kule. Kilichomjia mkononi ni povu gumu, lile ambalo mafundi hulijaza chini ya sakafu ili boti isizame, na mataruma mapya ya mninga yanayobeba sakafu. Mfuko hakuna, chupa hakuna, hata kijibati hakuna. Povu lilikuwa limeshikana lote, na hakuna anayeweza kuficha kitu ndani yake bila kuacha alama ya kisu.

"Kata na pale mbele," alisema.

"Afande, tumeshakata nyuma, tumekata na hapa katikati," Fredy alinong'ona.

"Kata na mbele."

Fredy alishuka kutafuta waya mrefu zaidi. Akautua msumeno juu ya zulia la kijani lililokuwa limeviringishwa kando ya boti, juu ya turubai. Onesmo, aliyekuwa ameegemea pikapu yake akichokonoa meno, akaacha kucheka. Alikuja haraka, akauondoa msumeno kwa mikono yake miwili, akauweka chini kwenye tope.

"Hapo usiweke, tafadhali," alisema. Kisha akarudi kwenye pikapu yake na kijiti chake.

Msumeno wa serikali ukabaki na tope mpini mzima. Fredy alisonya, akaufuta kwa suruali.

Ua ule ulikuwa wa ghala la pamba la zamani, Kambarage, mjini Shinyanga. Boti ilikuwa pale tangu mwenye ghala alipofariki, na ubavuni mwake bado lilisomeka jina alilolipa, Mbula, yaani mvua kwa Kisukuma. Ilikuwa boti ya injini ya zamani sana, mbavu za mbao, usukani mkubwa kama wa lori, viti vya ngozi vilivyopasuka. Onesmo aliinunua pamoja na ghala, akaiacha ikiliwa na mchwa miaka nenda rudi. Halafu ghafla, juma lililopita, akamwita fundi aitoe sakafu yote iliyooza na kuweka mpya, haraka, kwa sababu eti anataka kuipeleka ziwani, Nkome, upande wa Geita. Trela lilikuwa tayari limefungwa kwenye pikapu. Kama Eunice asingefika asubuhi ile na kibali cha upekuzi, Mbula ingekuwa njiani.

Na haraka hiyo ilianza siku moja tu baada ya wizi wa Mwakitolyo, kwa akina mama ambao Onesmo huwabebea mawe. Hilo ndilo lililomleta Eunice.

Mwakitolyo kulikuwa na kikundi cha akina mama kinachoitwa Jikaze. Walinunua mawe kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, wakayasaga kwenye karasha, kisha unga wake wakauosha mwaloni. Mwalo wenyewe ni ubao ulioinama, umetandikwa vipande vya zulia. Tope linapita juu na maji yake, na dhahabu, kwa kuwa ni nzito, inabaki kwenye manyoya ya zulia. Siku hiyo mawe yalikuwa mazuri kuliko mawe yoyote waliyowahi kupata. Ila mwenyekiti wao, Zuleha, alikuwa msibani, na Jikaze wana sheria yao: mazulia hayafuliwi mpaka kila mwenye fungu awepo na aone kwa macho yake. Wakayakunja na uchafu wake, wakayafungia stoo. Ufunguo akapewa Hosiana, mweka stoo wao. Asubuhi kufuli lilikuwa limefungwa vizuri kabisa, na stoo ilikuwa tupu.

Hosiana alikamatwa na ufunguo ukiwa bado shingoni mwake. Wenzake walimfuta kwenye kikundi hata kabla gari la polisi halijageuka. Leo saa nane mchana alikuwa afikishwe mahakamani, na kwa hali ilivyokuwa, hakuna mtu mjini aliyeweza kumsaidia isipokuwa huyu inspekta aliyekuwa ameingiza mkono kwenye tundu la boti.

Eunice hakuwahi kuamini kwamba ni Hosiana. Mwizi gani huiba, akafunga kufuli, akavaa ufunguo na kukaa mlangoni kuwasubiri polisi? Lakini kutoamini si ushahidi, na Mkuu wa Upelelezi alikuwa amemwambia hivyo asubuhi bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake.

Msumeno ulilia tena. Vumbi la ubao likaruka. Tundu la tatu nalo likaonyesha povu jeupe.

Eunice alikaa kwenye kiti kilichopasuka, akamwita fundi.

Mzee Shaaban alikuwa fundi samani wa Ngokolo, mwenye kofia ya kufuma na penseli nyuma ya sikio. Alikuwa akitazama matundu yale kwa uchungu wa mzazi.

"Mzee, samahani kwa kazi yako."

"Aah, nyie si mna karatasi ya serikali. Kateni tu."

"Nieleze tena ulivyofanya. Taratibu."

"Nilianza kuitoa ile ya zamani. Ilikuwa imeoza, mwanangu, unakanyaga unaona mguu unakwenda. Povu la chini lilikuwa limekunywa maji mpaka basi. Lakini ule ubao mbovu sikuutupa, nimeulaza juu ya ule mpya nikachorea, maana boti haina pembe iliyonyooka hata moja. Nikabadilisha mataruma, nikajaza povu. Ubao nikaupaka dawa ya faiba chini, juu na kwenye kingo zote, kila tundu la skrubu nikalipaka. Usipopaka kingo, maji yanaingilia hapo."

"Na bosi alikuja lini kukagua chini ya sakafu?"

"Hakukagua chini. Nilimwambia njoo uone kabla sijafunga, akasema funga tu."

Eunice alimtazama. "Jana uliniambia alikutoa kazini siku nzima."

"Ndiyo, lakini hiyo ni baada. Sakafu nilikuwa nimeshaifunga. Alisema anataka ikauke."

Basi hapo ndipo ilipokuwa aibu. Alikuwa amesikia "alinitoa kazini", akarukia kwamba mtu kazika kitu chini, na hakuuliza ni kabla au baada ya kufunga. Kosa la kuruta. Eunice aliuma mdomo wa chini, akajilaani kimyakimya kwa Kisukuma.

Simu yake iliita. Alikuwa Mkuu wa Upelelezi.

"Umepata?"

"Bado, mkuu."

"Luhende, mtu amenipigia kwamba unamkatia boti yake vipande. Ana watu, huyo. Kama hakuna kitu, omba radhi, rudi ofisini. Yule mama anakwenda mahakamani saa nane kama ilivyopangwa."

Simu ikakatika. Onesmo alikuwa akitabasamu, na mtu hakuhitaji kuwa mpelelezi kujua nani alikuwa amepiga simu kwa mkubwa.

"Dada yangu, mimi sikulaumu," alisema kwa upole wa mshindi. "Umetumwa. Ila ungeniuliza ningekwambia. Mimi ni mtu wa magari. Hao akina mama nawabebea mawe kwenye Fuso langu, namwaga kwenye karasha, nageuza. Mwaloni sijawahi hata kushika karai. Ukiniuliza dhahabu inatokaje, sijui."

"Na ubao wako tumeuharibu."

"Ubao ni ubao tu." Alicheka. "Kata hata ubavu ukitaka."

Eunice alikuwa ameshafungua mdomo kuomba radhi. Akaufunga.

Ubao ni ubao tu. Plaiwudi ya boti, iliyopakwa dawa kila upande, inayouzwa kwa bei ya ng'ombe, imetobolewa mara tatu mbele ya macho yake, na mwenyewe anacheka. Lakini msumeno ulipowekwa juu ya zulia la kijani, ambalo kila duka la Shinyanga linaliuza kwa mita, alikimbia. Asubuhi, walipoanza, alikuwa amelitoa yeye mwenyewe. Aliliviringisha kwa ndani, taratibu, akaliweka juu ya turubai, si juu ya tope.

Polisi wote, na yeye akiwa wa kwanza, walikuwa wakitafuta dhahabu. Kila mtu alichukulia kwamba mwizi aliyafua mazulia usiku uleule, akayatupa. Hakuna aliyekuwa akitafuta zulia.

Alishuka kwenye boti, akamsogelea fundi, akauliza kwa sauti ya chini.

"Mzee Shaaban, hilo zulia nani alilileta?"

"Yeye. Na hapo ndipo aliponiudhi. Angeniletea moja refu ningelikata kwa umbo la boti, nikaligandisha kwa gundi. Kaniletea vipandevipande, vimelowa, vimefungwa na nailoni. Nikasema nivianike, nivikung'ute. Akaniambia nikikung'uta hanilipi. Gundi hataki. Nipigilie tu vibao pembeni. Nikamwambia bosi, maji yataingia chini yake, kazi yangu itaoza. Akasema, boti haitakaa sana na zulia hili."

"Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Eunice alihisi furaha ikimpanda kifuani, akaikalia. Angeweza kulikamata zulia pale pale. Lakini Onesmo angesema alilinunua kwa mtu njiani, hakujua limetoka wapi, na kwa watu aliokuwa nao angeaminiwa. Kilichotakiwa si zulia tu. Kilichotakiwa ni Onesmo kuonyesha kwamba anajua kilichomo.

Alimvuta Fredy pembeni, akamwambia maneno machache. Fredy alikuna kichwa, kisha akaenda nyumba ya jirani kuazima karai.

"Nimekosea," Eunice alisema kwa sauti, ua mzima ukasikia. "Bosi, nakuomba radhi. Mzee Shaaban, rudishia vile vipande vilivyokatwa, pigilia, halafu tandika zulia."

"Zulia si lazima," Onesmo alisema haraka. "Nitaliweka mwenyewe."

"Tulilikuta limetandikwa, litarudi limetandikwa. Ndiyo taratibu ya upekuzi. Halafu tutapanda wote tukanyage, tuhakikishe sakafu inabeba. Sitaki kesho uende kwa mkubwa wangu useme boti imezama kwa sababu ya polisi."

Angekataaje? Alikuwa ameshashinda, na mshindi hugombania nini? Shaaban alipigilia, akatandika. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha tope uani kote, kwa hiyo Eunice akawataka wavue viatu na kunawa miguu kabla ya kupanda. Wakanawa kwenye karai, mmoja mmoja, wakaviacha viatu juu ya ubao mkavu uliowekwa kando ya boti. Wa mwisho alikuwa Fredy. Aliyamwaga yale maji ya tope, akalisuuza karai mara mbili, akajaza maji safi, akaliacha kando ya ubao, ndipo na yeye akapanda.

Wakatembea juu ya zulia na miguu yao iliyolowa. Fredy aliruka kidogo kupima. Shaaban alikwenda mbele na nyuma akisikiliza kama ubao unalia. Onesmo alisimama pembeni kabisa, vidole vyake vimeng'ang'ania kibao cha ukingoni.

"Njoo katikati, bosi," Eunice alisema. "Tundu kubwa liko hapa, na wewe ndiye mzito wetu."

Akaja. Sakafu haikulia hata kidogo, na Mzee Shaaban akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Basi, tushuke."

Eunice alishuka wa kwanza, akachomeka miguu kwenye viatu vyake. Fredy vivyo hivyo. Shaaban alijifuta kwa kanzu ya zamani aliyoigeuza tambara, akavaa ndala. Onesmo akawa wa mwisho. Alikuwa tayari akiongea habari za safari, za foleni ya mizani, za kuwahi Nkome kabla ya jioni. Na huku akiongea, mguu wake wa kulia ukaingia kwenye karai. Akausugua wayo kwa kiganja, katikati ya vidole, kisigino, akautoa taratibu matone yakirudi majini. Kisha wa kushoto. Ndivyo afanyavyo kila mtu aliyewahi kufanya kazi mwaloni: huwezi kuondoka na miguu iliyokanyaga zulia bila kuiacha dhahabu ya watu kwenye karai. Wengine hufukuzwa kwa kusahau. Mazoea yana taabu, na taabu ya Onesmo ilikuwa kwamba miguu yake ilisema kabla ya mdomo wake kukumbuka kunyamaza.

Eunice alisubiri amalize kuvaa viatu.

"Koplo," alisema, "mwaga hayo maji."

Fredy aliliinua karai.

"Usimwage," Onesmo alisema.

Wote wakageuka kumtazama. Hata Onesmo mwenyewe alionekana kulisikia neno lake baada ya kulitoa.

"Kwa nini nisimwage, bosi?"

"Maji... maji ni shida huku."

"Na mvua hii?" Eunice akalipokea karai kutoka kwa Fredy. "Basi tusiyapoteze."

Alichuchumaa. Alikuwa mzaliwa wa Geita, na ada yake ya shule ilitoka kwenye karai la mama yake. Mikono haikuwa imesahau. Alizungusha, akamwaga kidogo, akatikisa, akamwaga tena. Vumbi la kijivu likaondoka na maji. Ukabaki mchanga mweusi kidogo, na pembeni ya mchanga mweusi, mstari wa njano, mwembamba kama uzi wa kushonea.

Mzee Shaaban aliinama, akavua kofia yake. "Hii imetoka kwenye sakafu yangu?"

"Imetoka miguuni mwa bosi," Eunice alisema.

"Mji huu wote una dhahabu," Onesmo alisema. "Hata tope la barabarani ukiliosha utaipata."

"Ndiyo maana ulinawa kabla ya kupanda, na koplo akabadilisha maji. Sote wanne tumekanyaga zulia hilo. Watatu tumevaa viatu tukaenda zetu, kwa sababu kwetu ni zulia. Wewe ukasafisha nyayo kama mtu wa mwaloni. Wewe, usiyewahi kushika karai. Lete funguo zako."

"Kibali chako ni cha boti."

"Kibali ni cha boti. Funguo nakuomba kwa sababu uko chini ya ulinzi."

Fredy alikuwa ameshasimama nyuma yake. Funguo zikatoka mfukoni, fungu zima: za Fuso, za ghala, za nyumba, na mmoja mdogo wa shaba. Eunice alitoa kwenye begi lake kufuli la stoo ya Jikaze, ndani ya mfuko wa kielelezo. Hosiana alikuwa amemwambia tangu siku ya kwanza kwamba kufuli hilo lilikuwa zawadi ya msafirishaji wao, Onesmo, na kwamba lilikuja na ufunguo mmoja tu. Nani ameona kufuli jipya la ufunguo mmoja? Ila huwezi kuomba fungu la funguo la mtu mkubwa kwa sababu tu alitoa zawadi.

Ufunguo wa shaba ukaingia. Kufuli likafunguka.

"Kila mwalo, kuanzia Mwakitolyo mpaka Geita mjini, una watu, na wakimwona mtu anafua mazulia yasiyo yake watauliza," Eunice alisema. "Ulilijua hilo. Lakini mtu akiwa Nkome ufukweni, anaosha boti yake, nani atamuuliza? Ilikuwa akili nzuri. Kilichokuponza ni kumkataza mzee asikung'ute."

"Za mwizi arobaini," Fredy alisema, akifunga pingu kwa raha ambayo hakujaribu kuificha.

Onesmo aliomba wakili. Hilo ndilo neno lake la mwisho siku ile. Eunice akampigia Mkuu wa Upelelezi, akamweleza kwa ufupi. "Lete kila kitu," mkubwa alisema. "Na yule mama asipakiwe kwenye gari. Nasaini sasa hivi."

Walifika kituoni saa nane haijagonga. Mbula ilikuja nyuma juu ya trela, na watu wa sokoni wakaacha biashara zao kuangalia boti ikivutwa kwenda polisi. Akina mama wa Jikaze walikuwa wameshajaa uani. Eunice ndiye aliyewaita. Ofisa wa madini alikuwepo na mizani yake. Zuleha, ambaye wenzake humwita Mama Samia, alilifunua zulia, akaligeuza upande wa chini, akaonyesha mahali liliposhonwa kwa uzi wa nyavu.

"Ni letu," alisema. "Hapa lilichanika."

Makarai yakapangwa. Maji yakaletwa. Zuleha akakunja mikono ya baibui lake, akashika pembe ya zulia la kwanza.

"Mama Samia," Eunice alisema. "Sheria yenu inasemaje? Nimeisoma kwenye maelezo yako mwenyewe."

"Hayafuliwi mpaka kila mwenye fungu awepo."

"Na wote mpo?"

Zuleha alifungua mdomo, akawaangalia wenzake mmoja mmoja. Mmoja alijifuta macho kwa kitenge. Zuleha akaiachia ile pembe. Akapita katikati yao, akapanda ngazi za kituo, akasimama mbele ya mlango wa mahabusu mikono ikiwa bado imekunjwa.

Askari wa zamu akafungua. Hosiana alitoka akiwa amelishika gauni lake lisilo na mkanda, macho yakisumbuliwa na jua.

"Mama Adam," Zuleha alisema. "Nilikukosea. Nilikufuta kwa mdomo wangu mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba msamaha."

Hosiana aliangalia makarai, akaangalia mazulia ya kijani, akawaangalia wanawake waliokuwa wamesimama hawajui mikono yao waiweke wapi.

"Mmeshaanza kufua?" aliuliza.

"Tungeanzaje? Wewe hukuwepo."

Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele, mwingine akakipokea, na uani pale polisi walishindwa kusikilizana. Hosiana alishuka ngazi. Alichuchumaa penye karai la kwanza, mahali alipokuwa Zuleha, akaliingiza zulia majini.